Kabla ya Kumshuku Jirani, Tazama Malisho ya Mbuzi



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumsalia Mtume wetu (S.A.W.), juma hili tuwazungumzie mbuzi tunaowafuga majumbani huku Likoni, Kisauni na Changamwe.

Mama mmoja alinijia baada ya Alasiri akitaka nimwandikie kombe. Mbuzi wake wa maziwa alikuwa amekonda, ananyonyoka manyoya, na mwana aliyemzaa ana uvimbe kooni. Mama huyo alikwisha kumshuku jirani yake kwa husuda, hata salamu zimekatika baina yao. Nikamwuliza: “Mamangu, mbuzi huyu anakula nini?” Akajibu: “Majani ya mlusina, sheikh, asubuhi na jioni. Ndiyo yaliyo karibu.”

Kijicho ni haki, nasi tumefunzwa dua za kujikinga nacho. Lakini dhana mbaya isitangulie uchunguzi.

Mlusina asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Majani yake yana protini nyingi, na hiyo ndiyo neema yake. Hata hivyo yana kitu kiitwacho mimosini, ambacho hudhuru mashina ya manyoya. Kikifika katika tumbo la kucheulia, hugeuka kuwa kitu kingine kinachoizuia tezi ya kooni kutengeneza homoni zake. Homoni hizo ndizo zinazouongoza mwili katika kukitumia chakula, kutunza joto na kukua. Zikipungua, mnyama hudhoofika, na tezi huvimba ikawa rovu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Raymond Jones wa Australia alithibitisha kuwa mbuzi wa Hawaii huyala majani hayo pasi na madhara, kwa kuwa tumboni mwao mna bakteria wanaoivunja sumu hiyo. Bakteria hao wakahamishiwa mifugo ya Australia, na mwaka 1992 wakapewa jina la Synergistes jonesii kwa heshima yake. Subhanallah!

Sisi tusiojua kama mbuzi wetu wanao bakteria hao, tuchukue hadhari. Mlusina usifike thuluthi ya chakula. Uchanganywe na nyasi na majani mengine, na uanzwe kidogo kidogo. Punda na sungura, wasiocheua, hudhurika upesi zaidi.

Tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Mbuzi aliyeachiwa huonja huku na kule. Tuliyemfunga kamba tumemwondolea hiari hiyo, na amana imekuwa juu yetu.

Yule mama alipunguza mlusina, na baada ya miezi miwili manyoya yakaanza kurudi. Alipokuja kunishukuru, nilimwambia shukrani yangu ni yeye kwenda kupiga hodi kwa jirani yake na kumwomba radhi.

Wabillahi tawfiq.