Jino la Papa Lina Anwani Yake

Katika machimbo ya fosfeti ya Khouribga, nchini Moroko, wachimbaji na wanavijiji huokota meno ya papa walioishi mamilioni ya miaka kabla binadamu hajatokea duniani. Meno hayo huuziwa wachuuzi, wachuuzi nao huwauzia wafanyabiashara wakubwa, na hatimaye huonekana madukani Ulaya na Marekani. Wapo wanaodai kwamba uokotaji huo upigwe marufuku kabisa. Dai hilo halina budi kupimwa vizuri, kwa sababu litamwumiza mnyonge anayeinama juani, wala si tajiri anayenunua.

Papa hana mifupa migumu. Kiunzi chake ni gegedu, nalo huoza upesi. Lakini hung'oka meno na kuota mengine maisha yake yote, maelfu kwa maelfu, ndiyo maana nchi kavu iliyokuwa bahari huwa imejaa meno. Wazungu wa zamani waliyadhani kuwa ndimi zilizogeuka mawe, mpaka Niels Stensen, tabibu kutoka Denmark, alipopasua kichwa cha papa aliyevuliwa karibu na Livorno mwaka 1666, akaona kitu kile kile kinywani.

Uzito wa jambo la Moroko uko katika matabaka. Fosfeti ile, iliyoanza kuchimbwa Khouribga mwaka 1921, ilijengeka chini ya bahari kwa zaidi ya miaka milioni 15, kabla na baada ya maangamizi makuu ya miaka milioni 66 iliyopita, yale yaliyowafuta dinosaria. Papa aitwaye Squalicorax yumo katika matabaka ya chini, kisha hayupo tena. Otodus, mwenye meno manene, yumo katika yale ya juu. Mtaalamu Mfaransa Camille Arambourg aliweza kuandika kitabu kikubwa mwaka 1952 juu ya wanyama wa fosfeti kwa kuwa alijua kila jino limetoka tabaka gani. Jino lisilojulikana lilikolala ni pambo tu.

Basi, je, marufuku italiokoa? Hasha! Fosfeti huchimbwa ili iwe mbolea, na jino lisilookotwa husagwa pamoja nayo. Mwokotaji ndiye anayeliokoa. Kosa liko katika bei. Mnunuzi hulipia ukubwa na mng'aro, wala hatoi hata senti moja kwa kuambiwa jino limetoka wapi. Ndiyo sababu soko limejaa meno yaliyogandishwa kwa gundi na mchanga juu ya jiwe yasilolijua, na wageni huyanunua kwa furaha!

Makumbusho na vyuo vikuu, vya Moroko na vya ng'ambo, vinaweza kuligeuza soko hilo. Visinunue jino lisilo na karatasi inayotaja shimo, tabaka na tarehe, na lenye karatasi hiyo vililipie zaidi, fedha hizo zimfikie aliyeinama kuliokota. Mchimbaji huyajua matabaka yake kwa rangi na kwa ugumu, pengine kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu aliyefika jana. Asiyejua kuandika ana mtoto shuleni, na mwalimu wa kijiji anaweza kumwonyesha mtoto huyo namna ya kuijaza karatasi kwa somo moja tu.