TUSIUFICHE UGONJWA WA MAMA ZETU

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii twaikumbuka kila tusikiapo habari za mama mtu mzima, aliyekwisha koma hedhi, ambaye aliona damu ikimtoka tena akanyamaza miezi mingi kwa kuona haya. Huyu humwambia kuwa ujana umemrudia. Yule hunong'ona kuwa amerogwa. Hata afikapo kwa daktari, ugonjwa umekwisha enea.

Sisi twasema wazi kwamba saratani ya mfuko wa uzazi si aibu wala si uchawi. Mwaka 2022 wanawake wapatao 420,000 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na mengi ya asili yake yamekwisha julikana.

Homoni ya estrojeni hukuza utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Homoni ya projesteroni huuzuia usipite kiasi. Ile ya kwanza ikitawala peke yake kwa miaka mingi, utando hunenepa, na chembe zake zaweza kugeuka kuwa saratani. Ndiyo maana hatari huzidi kwa mwanamke asiyepata kuzaa, aliyevunja ungo mapema mno, au aliyechelewa kukoma hedhi. Huzidi pia katika baadhi ya koo zenye saratani hii au ya utumbo mpana. Katika hayo hakuna wa kulaumiwa.

Lakini liko moja ambalo kwa sehemu limo mikononi mwetu. Kwetu unene umehesabiwa tangu zamani kuwa dalili ya neema. Yafaa ijulikane kwamba mafuta ya mwili nayo hutengeneza estrojeni, hata baada ya hedhi kukoma; na kisukari, ambacho mara nyingi hufuatana na unene, huongeza hatari.

Tena watu wasichanganye mambo. Chanjo wanayopewa wasichana wa Tanzania tangu mwaka 2018 ni kinga ya saratani ya mlango wa kizazi, iletwayo na virusi. Ni chanjo njema, nasi twaiunga mkono. Lakini haiukingi mfuko wenyewe. Hapa mlinzi ni damu ile ile inayofichwa. Katika kila wagonjwa kumi, kiasi cha tisa huiona. Na katika wanawake kumi watokwao na damu baada ya kukoma hedhi, kiasi cha mmoja tu hukutwa na saratani. Basi hakuna sababu ya kukata tamaa, wala hakuna sababu ya kungoja, maana ikigunduliwa mapema, wengi hupona kwa kupasuliwa na kuondolewa mfuko.

Twawataka waume wasiwe kizuizi. Waajiri watoe ruhusa ya kwenda hospitali bila ya kuhoji. Viongozi wa matawi wayaseme haya mikutanoni bila ya kumung'unya maneno. Mama aliyetulea hastahili kufa kwa sababu sisi tuliona haya kuutaja ugonjwa wake.