Mama kijana, usiondoke kliniki kabla hujaelewa

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Ni zaidi ya mmoja kati ya watano. Kama wewe ni mmoja wao, au ni mzazi wa mmoja wao, jambo hili linakuhusu.

Nachingwea na Ruangwa zina somo zuri. Kuanzia mwaka 2010, wilaya hizo na nyingine za Lindi na Mtwara zilikuwa na mpango wa Mtunze Mtoto Mchanga, uliosimamiwa na Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa London. Wanawake wa kujitolea waliwatembelea wajawazito na waliojifungua nyumbani, wakatumia picha na mwanasesere kuwaelekeza.

Elimu ilifanya kazi. Palipokuwa na wajitoleaji hao, asilimia 83 ya watoto walinyonya maziwa ya mama pekee siku tatu za mwanzo. Kwingine ilikuwa asilimia 71. Hata hivyo, vifo vya watoto wachanga havikupungua. Mama anaweza kujua dalili ya hatari na akawahi kituoni, lakini mtoto hapati nafuu kama huko hakuna huduma nzuri. Kujua na kuhudumiwa lazima viende pamoja, na muuguzi ndiye anayeviunganisha.

Tatizo ni kwamba somo la kliniki mara nyingi hutolewa kwa kundi zima. Binti wa miaka 17, aliyeacha shule na anayeona aibu mbele ya wakubwa zake, huitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Muuguzi mzuri haridhiki na "ndiyo" hiyo. Humweka pembeni na kumwambia: "Hebu nieleze, ukifika nyumbani utafanya nini?" Akikosea, humwelekeza tena bila kumgombeza.

Nawe usisubiri kuulizwa. Uliza: dawa hii ni ya nini, naimeza vipi, nirudi lini? Kama husomi vizuri, mwombe muuguzi akusomee kadi yako. Kisha rudia kwa maneno yako ulichoelewa.

Kabla hujaondoka, hakikisha unaweza kutaja dalili zinazokutaka uwahi kituoni bila kungoja tarehe: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, uso kuvimba, degedege, homa, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Kwa mtoto mchanga, ni kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida, mwili kuwa wa moto au baridi sana.

Wazazi na wakwe, nauli na ruhusa mara nyingi ziko mikononi mwenu. Msindikizeni binti kliniki, nanyi mzisikie dalili hizo. Zikitokea usiku, pasiwe na mtu wa kuuliza, "Kwani ni lazima twende sasa?"