Anayejijeruhi naye huumia

Imeenea imani, mitaani na hata wodini, kwamba mtu anayejijeruhi kwa makusudi hasikii maumivu. Angekuwa anayasikia, husemwa, asingethubutu. Imani hii imewaumiza watu. Nchini Uingereza, mwongozo wa tiba uliotolewa na taasisi ya NICE mwaka 2004 ulilazimika kuagiza kwamba aliyejijeruhi apewe ganzi au dawa ya kutuliza maumivu muda wote anaposhonwa. Agizo kama hilo haliandikwi bure: wagonjwa walikuwa wamelalamika kwamba walishonwa bila ganzi, eti wamezoea.

Wanaoitetea imani hii wana ushahidi, na haufai kupuuzwa. Katika majaribio ya maabara, wenye historia ya kujijeruhi kwa wastani huchelewa kusema wanaumia, na huvumilia muda mrefu kuliko wenzao. Lakini anayechelewa kusema anaumia bado anaumia, na kipimo chenyewe hakikai mahali pamoja. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2009 uliwahusu wanawake wenye tatizo la haiba liitwalo bodalaini: walioacha kujijeruhi walihisi maumivu kwa wepesi zaidi kuliko walioendelea, wakikaribia wanawake wasio na tatizo hilo. Zaidi ya hapo, Jill Hooley wa Chuo Kikuu cha Harvard na mwenzake Sarah St. Germain walionyesha mwaka 2014 kwamba baada ya zoezi fupi la kuwasaidia kujiona wana thamani, watu wanaojijeruhi hawakuyavumilia maumivu kwa muda mrefu kama awali. Mishipa ya fahamu ingekuwa imekufa, maneno machache ya heri yasingeifufua. Huenda wanachovumilia ni maumivu wanayoamini wanayastahili.

Atauliza mtu: kama wanaumia, kwa nini wanarudia? Majaribio ya Joseph Franklin na wenzake yanatoa sehemu ya jibu. Maumivu yanapokoma, dhiki ya moyo hupungua kwa muda, na hali hiyo huonekana hata kwa watu ambao hawajawahi kujijeruhi. Kwa hiyo nafuu hiyo haipatikani pasipo maumivu kusikika, nayo hupita upesi. Kilichomtesa mtu hubaki palepale, mara nyingi kikiongezewa aibu. Ni kweli wapo wanaosimulia kwamba wakati ule hawakuhisi chochote, na hawasemi uongo: msukosuko mkali huweza kumtenga mtu na mwili wake. Ila msukosuko hutulia. Anayefika mbele ya muuguzi saa kadhaa baadaye huenda ameshaurudia mwili wake, na sindano ya kushonea ataisikia.

Pingamizi linalonikera zaidi ni kwamba kumpa ganzi ni kumdekeza, kwamba maumivu yatamfunza. Mtu anayejiadhibu hafunzwi kwa kuongezewa adhabu. Anathibitishiwa tu, tena na mtu aliyevaa sare ya tiba, kwamba hukumu aliyojitolea mwenyewe ilikuwa ya haki. Mwongozo mpya wa NICE wa mwaka 2022 umekataza waziwazi mbinu za kuadhibu. Tena aliyewahi kujijeruhi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujiua kuliko wengine, na aliyeteswa hospitalini mara ya kwanza ana kila sababu ya kujifungia ndani mara ya pili, akiwa na jeraha ambalo hakuna atakayeliona kwa wakati.