Kibali cha Kahawa na Posho ya Kibarua



Tarehe 6 Novemba 2024 wabunge wetu hapa Kampala walipigana ngumi kwa sababu ya kahawa. Siku hiyo Bunge lilipitisha sheria ya kuvunja UCDA, shirika lililoundwa mwaka 1991 kusimamia kahawa, na kazi zake kupelekwa Wizara ya Kilimo. Rais alitia sahihi mwezi wa Desemba.

Tulifuata majadiliano yale kwenye redio. Mkulima alitajwa, mwenye leseni alitajwa, mnunuzi wa Ulaya alitajwa. Mama anayechambua punje kiwandani, na kijana anayebeba gunia la kilo 60 mgongoni, hatukusikia mtu akiwataja. Basi tuwataje sisi.

Mwenye kuuza kahawa nje huandikishwa kila mwaka wa kahawa, unaoanza Oktoba. Kisha kila shehena hupimwa na kupewa cheti cha ubora kabla haijashika njia ya Mombasa. Jambo hili si baya. Kahawa mbovu ikitoka, ni jina letu sote linaloharibika. Lakini karatasi ikikwama, ghala hujaa, na ghala likijaa mashine husimama. Mwenye mali ana benki. Kibarua hulipwa kwa siku, na mashine ikisimama hana kitu. (Tena tusisahau kwamba kima cha chini cha mshahara katika nchi hii ni kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi!)

Tuliona wenyewe msimu mmoja, katika kiwanda ambacho hatutakitaja. Akina mama walikaa langoni siku tatu, watoto mgongoni. Mwenye kiwanda alisema afisi inachelewesha. Afisi ikasema yeye ndiye hakuleta karatasi. Hata leo hatujui nani alisema uongo. Siku tatu hizo hakuna aliyezilipa.

Wazee wengine husema afadhali zamani, enzi ya Bodi ya Kahawa pale Bugolobi, iliposhika peke yake haki ya kuuza nje. Polepole, wazee. Brazil ilipopigwa na baridi kali mwaka 1975 bei ya dunia ilipanda sana, lakini mkulima wa hapa alipewa kidogo mno, na kahawa ikavuka mpaka usiku kwenda Chepkube, Kenya. Mnayakumbuka magendo yale. Milango ilipofunguliwa mwaka 1990 na 1991 yakaja makampuni mengi, na mengi yao yakapenda kibarua wa siku kuliko mfanyakazi wa kudumu.

Kwa hiyo hatulilii shirika, wala hatuishangilii wizara. Tunachotaka ni maombi yote yabandikwe ubaoni, na tarehe yalipopokelewa na tarehe yalipojibiwa, na anayenyimwa aambiwe sababu kwa maandishi. Hapo tutajua nani anatudanganya langoni. Na anayetaka kibali aonyeshe kwamba amewalipa watu wake na kuwawekea akiba yao NSSF kama sheria inavyotaka. Kahawa hupimwa unyevu. Kwa nini mwajiri asipimwe?

Kila tawi lipeleke dai hili kwa mwajiri wake kabla ya Oktoba, wakati leseni zinapofanywa upya, na nakala iende wizarani.