Nambari Haijui Cheo

Chukua mbili 67, zizidishe zote pamoja, kisha toa moja. Utapata 147573952589676412927, tarakimu 21. Mwaka wa 1644, mtawa Mfaransa Marin Mersenne alichapisha orodha akadai nambari hii ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hesabu hakuonyesha. Lakini jina lake lilikuwa kubwa, na dai likasimama zaidi ya miaka mia mbili.

Mwaka wa 1876 Mfaransa mwenzake, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba si tasa. Ajabu ni kwamba hata yeye hakujua inagawanyika kwa nini.

Oktoba 1903, mjini New York, Frank Nelson Cole akasimama mbele ya Chama cha Hisabati cha Marekani. Inasimuliwa kwamba hakusema neno. Aliandika nambari ile ubaoni, halafu kando akaandika 193707721 mara 761838257287, akazidisha kwa mkono, mstari baada ya mstari. Majibu yakalingana. Akaketi, ukumbi ukapiga makofi. Kuzitafuta nambari hizo mbili, inasemekana, kulimla Jumapili za miaka mitatu. Kuzihakiki? Mtoto anayejua kuzidisha anaweza, bora awe na karatasi na subira.

Sasa sikia. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilimuuliza mhadhiri kwa nini kanuni fulani ni kweli. Akasema, "Wewe andika tu, itakuja kwa mtihani." Darasa likacheka. Sikuacha masomo kwa sababu hiyo; karo ndiyo ilinitoa. Lakini kile kicheko nilitoka nacho. Ndicho hunijia leo kila nikiandika jambo na mtu akaniuliza, "Kwani una digrii gani?" Haulizi nimekosea wapi. Anataka cheti kwanza, hoja baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haifiki.

Huo si usomi, ni ulinzi wa geti. Tunafunza watoto kunakili majibu ya wakubwa, halafu tunashangaa wakiwa watu wazima wanaomeza chochote kinachosemwa na mwenye suti na maikrofoni.

Mtaniambia Cole mwenyewe alikuwa profesa wa Columbia. Kweli. Lakini pale ubaoni uprofesa haukumsaidia hata tarakimu moja. Angekosea mstari mmoja, kila mtu ukumbini angeweza kuuona. Mersenne naye hakuwa mwongo. Alikosea tu, kama mimi na wewe. Kosa letu ni kulibeba neno la mtu vizazi na vizazi kwa sababu ya aliyelisema.

Wala sidai kila aliyeacha chuo ana hoja. Mimi nikikosea, nionyesheni mstari wenyewe, nitaufuta. Ila cheti msiniulize. Shikeni kalamu, mzidishe.