Kibao ulichotupa kinakushuhudia

Katika majongi ya Wajapani watu wanne wanaketi mezani, kila mtu na vibao 13. Mwenye kufikisha 14 vyenye kupatana kufuata kanuni, ameshinda. Kile cha 14 anaweza kukiokota mwenyewe, ao kukidai pale mwenzake anapokitupa: wanaita roni. Hapo aliyetupa analipa yote peke yake. Wale wawili wengine, hata kidogo!

Sasa angalia. Uko na mianzi 3 na 4, unangojea 2 ao 5. Lakini kati ya vibao ulivyotupa iko 5 moja. Mwenzako anatupa 2. Unaruka: roni! Hapana. Ile 5 yako imekufungia hata 2, ndiyo furiteni. Ungoje kuokota mwenyewe, ao ubadilishe vibao.

Ni ukali? Mimi naona ni haki. Vibao vilivyotupwa vinapangwa wazi mbele ya kila mtu, na mwenye woga anavisoma ajue atupe nini bila kulipa. Kama ungeweza kumtega kwa kile ulichokataa, angetupa nini basi?

Na ukiisha kutangaza richi, halafu ukaacha kibao chako cha kushinda kipite, usidai roni tena mpaka duru ile iishe. Kuokota tu.